Kazi za kujirudia nyuma ya dirisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyuzi

Ukurasa huu ni wa anayeandika programu za kompyuta ya mezani: za mauzo, za stoku, za mizani, za mapokezi ya zahanati. Mifano karibu yote inatoka kwenye programu ya aina moja, ya duka la vifaa vya ujenzi la Ngamiani, Tanga, lenye tawi Muheza. Kila dakika 5 programu hiyo hutuma mauzo kwenye seva, kila nusu saa hukagua stoku inayokaribia kuisha, na mara moja kwa siku huhifadhi nakala ya kanzidata. Msimbo ni wa Python na Tkinter, maktaba yake ya kuchora madirisha, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Java na C# nitazitaja pale zinapoachana njia.

Programu iko vizuri, ila kila ikituma mauzo dirisha linaganda. Kompyuta ni mbovu?

Hapana, ni msimbo. Programu yenye dirisha ina uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kutekeleza msimbo, ambao wengi wetu tunauita tu thredi, unaoshughulikia kila kinachoonekana: unapokea mibofyo ya kipanya, unasoma kibodi, unachora vitufe upya. Shughuli hizo hukaa foleni na uzi huzichukua moja moja. Ukiutwisha uzi huohuo kutuma mauzo, na siku hiyo intaneti inasuasua, utakaa unasubiri jibu la seva huku foleni ikirefuka.

Muuzaji ana mteja wa nondo mbele yake. Anabofya "Toa risiti", kimya. Anabofya tena. Anabofya kwa hasira. Zikipita kama sekunde 5 dirisha halijaitikia, Windows hulipausha na kuandika "Not Responding" juu yake. Jibu la seva linapofika hatimaye, mibofyo yote mitatu inatekelezwa kwa mpigo, na printa inatema risiti tatu za mteja mmoja. Kuongeza RAM hakutabadilisha kitu. Muda wote huo prosesa ilikuwa imekaa tu inasubiri mtandao.

Lazima nitumie uzi? Taima ya kawaida haitoshi?

Mara nyingi inatosha, na natamani watu wangeanza kujiuliza hivi. Tkinter ina `after`, Qt ina `QTimer`, Swing ya Java ina `javax.swing.Timer`, Windows Forms ya C# ina taima yake. Zote hizi hurudia kazi kila baada ya muda ulioutaja, lakini huifanyia kazi hiyo kwenye uzi uleule wa dirisha. Kwa kuonyesha saa pembeni ya skrini, kubadilisha rangi ya taa ya "mtandao upo", au kuhesabu dakika tangu muuzaji aguse kibodi, hizo ndizo za kutumia. Hazina kufuli la kuzuia nyuzi kugongana, hazina foleni, hazina mgogoro.

Kipimo changu ni hiki: kazi isiyogusa mtandao, isiyogusa printa wala mizani, na inayokwisha ndani ya milisekunde 50, iache kwenye taima. Ucheleweshaji wa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde jicho haliuoni. Kazi yoyote ambayo muda wake unaamuliwa na kitu kilicho nje ya kompyuta yako, ipe uzi wake, hata kama leo inakwisha haraka. Umeijaribu ukiwa na wifi ya ofisini. Muheza wanatumia bando la simu.

Basi nionyeshe uzi wenyewe unavyoandikwa.

```
import threading, queue

simama = threading.Event()
foleni = queue.Queue()

def mtumaji():
    while True:
        try:
            idadi = tuma_mauzo()
            foleni.put(("sawa", idadi))
        except Exception as kosa:
            andika_logi(kosa)
            foleni.put(("kosa", str(kosa)))
        if simama.wait(300):
            break

def soma_foleni():
    while not foleni.empty():
        hali, taarifa = foleni.get_nowait()
        onyesha(hali, taarifa)
    dirisha.after(200, soma_foleni)

uzi = threading.Thread(target=mtumaji, daemon=True)
uzi.start()
soma_foleni()
dirisha.mainloop()
```

Uzi wa `mtumaji` hauligusi dirisha hata kidogo. Ukimaliza kutuma, unaweka taarifa kwenye foleni na kwenda kusubiri sekunde 300. Uzi wa dirisha unachungulia foleni mara tano kwa sekunde, na kilichomo unakiandika kwenye skrini wenyewe. Mengi yanayofuata hapa chini ni maelezo ya mistari hii michache.

Kwa nini `simama.wait(300)` na si `time.sleep(300)`?

Kwa sababu uzi uliolala kwa `sleep` hauamshiki. Muuzaji anafunga dirisha saa 12 jioni, dirisha linapotea, lakini kama uzi si wa `daemon` (unaokwisha pamoja na programu), programu yenyewe inabaki hai mpaka dakika 5 ziishe. Akikumbuka kuna mauzo hajaingiza, anaifungua upya, na sasa ziko programu mbili zinazotuma mauzo kutoka kanzidata moja. Malalamiko ya "mauzo yamejirudia kwenye ripoti" yakija, hapo ni mahali pa kwanza pa kuangalia: fungua Task Manager uhesabu.

`Event.wait` husubiri vilevile, ila `simama.set()` ikiitwa popote huamka papo hapo na kurudisha `True`. Kwenye Java kazi hiyo inafanywa na `interrupt` au kwa kufunga `ScheduledExecutorService`. Kwenye C# kuna `CancellationToken`.

Mimi uzi wangu unaandika kwenye lebo moja kwa moja na haijawahi kuleta shida. Mnatutisha bure?

Haijaleta bado. Vifaa vya kuchora madirisha, iwe Tkinter, Swing, Windows Forms au Qt, vimejengwa kwa sharti kwamba uzi mmoja tu ndio unaovigusa. Ukilivunja, matokeo hayatabiriki: jedwali linachorwa nusu, herufi zinapandana, au programu inaanguka bila ujumbe wowote baada ya wiki nzuri tu. Windows Forms ina utu kidogo. Ukiiendesha ndani ya Visual Studio hukurushia hitilafu ya wazi kwamba umegusa kidhibiti kutoka uzi usio wake. Swing haikuambii kitu.

Kila mazingira yana mlango wake halali. Swing: `SwingUtilities.invokeLater`. Windows Forms: `Invoke` au `BeginInvoke`. Qt: signali, ambazo zenyewe hujipanga kwenye foleni zinapovuka kutoka uzi hadi uzi. Tkinter: foleni pamoja na `after`, kama ilivyo hapo juu.

Java ina taima ngapi, na nishike ipi?

Tatu za kukuchanganya. `javax.swing.Timer` ni ya dirisha, tumeshaiona. `java.util.Timer` ni ya zamani, ina uzi mmoja kwa kazi zote ulizoipa, na kazi moja ikirusha hitilafu isiyodakwa uzi huo unakufa na kazi zote zinakufa nao. `ScheduledExecutorService`, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, ndiyo ya kushika. Angalia tu `import` yako ya kwanza: kuandika `java.util.*` na `javax.swing.*` katika faili moja huleta ubishi wa `Timer` ipi, na kijana mwenye haraka huchagua yoyote inayonyamazisha kompaila.

Wa C#: `System.Windows.Forms.Timer` kwa dirisha, `PeriodicTimer` kwa kazi za nyuma kama uko .NET 6 au zaidi. Ukitumia `System.Threading.Timer`, itunze kwenye sehemu ya klasi. Ukiiacha ndani ya metodi tu, mzoa taka wa kumbukumbu (garbage collector) anaweza kuizoa na kazi ikakoma bila neno.

"Kila dakika 5" inahesabiwa kutoka kazi ilipoanza au ilipokwisha?

Hili watu hulipita haraka, halafu linawarudia. Kwenye msimbo wangu ni kutoka ilipokwisha: tuma, pumzika dakika 5, tuma tena. Kutuma kukichukua dakika 2, mzunguko mzima ni dakika 7. Java huiita namna hii `scheduleWithFixedDelay`. Ile nyingine, `scheduleAtFixedRate`, hushika ratiba: saa 3:00, 3:05, 3:10, hata kama kazi ya 3:00 imechelewa.

Kwa kutuma data chagua kupumzika baada ya kumaliza. Ratiba kali ina tabia ya kudai deni. Kompyuta mpakato ikilazwa saa 7 mchana na kufunuliwa saa 10, `java.util.Timer` yenye ratiba kali itajaribu kufidia mizunguko yote iliyopita, mmoja nyuma ya mwingine. Kwa dakika 5, saa 3 ni mizunguko 36. Seva inaona mtu mmoja anaigongea mlango kama mwehu.

`System.Threading.Timer` ya C# ina jambo jingine: muda ukifika inaanzisha kazi hata kama ile ya kwanza haijaisha, hivyo unaweza kukuta nyuzi mbili zinatuma mauzo yaleyale. Iwashe kwa mzunguko mmoja tu, kisha iwashe upya mwishoni mwa kazi.

Kazi ilikuwa inaenda vizuri, siku moja ikakoma. Hakuna ujumbe wa kosa. Imekwenda wapi?

Imekufa kwa hitilafu ambayo hakuna aliyeidaka. Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwa ama hilo, ama hili linalofuata.

Kwenye Python, hitilafu ikitoka nje ya kazi ya uzi, uzi unakwisha. Ujumbe huchapwa kwenye konsoli, lakini programu uliyoifunga kuwa faili la kubofya haina konsoli, kwa hiyo hakuna anayeuona. `ScheduledExecutorService` ya Java ni ya hila zaidi: mzunguko mmoja ukirusha hitilafu, inayofuata yote inafutwa, na hitilafu yenyewe inahifadhiwa ndani ya `Future`, kifurushi cha matokeo ambacho hukuwahi kukifungua. `System.Timers.Timer` ya C# huimeza kabisa na kuendelea. Ndiyo maana `try` kwenye msimbo wangu iko ndani ya kitanzi, si nje yake. Mzunguko mmoja ukianguka, unaandikwa kwenye logi na ujao unaendelea.

Sababu ya pili: uzi haujafa, umenasa. Maktaba ya `requests` ya Python haina kikomo cha muda usipoiwekea, na `HttpURLConnection` ya Java ni hivyohivyo. Mtandao ukikatika katikati vibaya, uzi unaweza kusubiri jibu ambalo halitakuja kamwe. Weka `timeout=10` kwenye kila ombi. `HttpClient` ya C# inajikatia baada ya sekunde 100, ambazo bado ni nyingi.

Na mwekee muuzaji mstari mdogo chini ya dirisha: "Mauzo yalitumwa mara ya mwisho saa 8:40 mchana". Hauna gharama, na mwenye duka akiuona haujasogea tangu asubuhi atakupigia siku hiyohiyo badala ya mwisho wa mwezi.

Mauzo yalitumwa, mtandao ukakatika kabla ya jibu. Nitume tena au nisitume?

Tuma tena, ila ujiandae mapema. Tatizo ni kwamba upande wa duka huwezi kutofautisha mambo mawili: ombi halikufika, au lilifika na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiamua kutotuma tena, mauzo mengine yatapotea. Ukituma bila maandalizi, mifuko 20 ya saruji itageuka 40 kwenye vitabu na mwenye duka atamshuku muuzaji, jambo ambalo ni kubwa kuliko programu yako.

Dawa iko kwenye namba. Muamala unapozaliwa dukani, upe utambulisho wa kipekee palepale, kwa `uuid4` kwa mfano, uhifadhi pamoja nao. Upande wa seva, safu ya utambulisho iwe ya kipekee. Ombi lenye utambulisho uliokwishapokelewa lijibiwe "sawa, ninao" bila kuongeza kitu. Sasa uzi wako unaweza kutuma mara kumi bila madhara. Usitumie namba ya risiti kwa kazi hii kama Ngamiani na Muheza kila moja inaanza kuhesabu kutoka 1.

Mzunguko ukishindwa, usirudie hapohapo kwa hasira. Ongeza pumziko: sekunde 30, dakika 1, dakika 2, hadi ufike dakika 5 za kawaida.

Nimepata "database is locked". Kufuli hili limewekwa na nani?

Na wewe mwenyewe. SQLite, kanzidata ya faili moja ambayo programu hii inatumia, inaruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, na uzi wako wa nyuma ni mwandishi kama muuzaji alivyo. Kosa la kawaida ni kufungua muamala wa kanzidata, kusoma mauzo, kuyatuma seva, kisha kuyatia alama ya "yametumwa" na kufunga muamala. Muda wote wa mtandao kanzidata imeshikwa. Gawa mara tatu: soma na uachie, tuma, fungua muamala mfupi wa kutia alama na uachie.

Kila uzi ufungue muunganisho wake. Moduli ya `sqlite3` hukataa muunganisho uliofunguliwa kwenye uzi mmoja utumike kwenye mwingine, na watu hukimbilia `check_same_thread=False` kuinyamazisha. Usifanye hivyo kama hujui utafunga wapi kufuli lako mwenyewe. Kisha washa WAL, namna ya kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, kwa `PRAGMA journal_mode=WAL`; wasomaji na mwandishi wataacha kuzuiana. Tahadhari moja: WAL haifanyi kazi kanzidata ikiwa kwenye folda ya pamoja ya mtandao, na maduka yenye kompyuta mbili hupenda sana folda hizo. Hapo unahitaji PostgreSQL au MySQL, si ujanja.

Nakala ya usiku niipange saa ngapi?

Usiipange kwa saa. Ukiandika 20:00, yaani saa 2 usiku, utagundua duka hufungwa saa 12 jioni na kompyuta huzimwa ukutani kabisa. Nakala haitachukuliwa hata siku moja. Badala yake, kila nusu saa uzi uulize: nakala ya mwisho ina zaidi ya saa 20? Kama ndiyo, chukua sasa. Programu ikiwashwa asubuhi itajikamilishia yenyewe.

Uliza pia kama tarehe ya kompyuta ina akili. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, mashine ya zamani huamka ikiamini iko miaka kadhaa nyuma, na "saa 20 zilizopita" inakuwa hesabu hasi. Tarehe ikiwa nyuma ya muamala wa mwisho, onya. Kwa kupima vipindi vifupi tumia `time.monotonic`, ambayo haijali mtu akibadilisha saa.

Nakala yenyewe ichukue kwa `backup` ya `sqlite3`, iliyopo tangu Python 3.7. Kunakili faili tu wakati muuzaji anaandika kunaweza kukupa faili bovu, na kwenye WAL unaweza kuacha nyuma mauzo ya karibuni yaliyo kwenye faili la pili.

Muuzaji akifunga dirisha, uzi unaagwaje?

Tanga husifiwa kwa waja leo waondoka leo, na uzi mzuri ndio huo: ukiambiwa kwaheri unaondoka, haugandi sebuleni. Unganisha kitendo cha kufunga na kazi hii:

```
def funga():
    simama.set()
    dirisha.withdraw()
    dirisha.update()
    uzi.join(timeout=15)
    dirisha.destroy()

dirisha.protocol("WM_DELETE_WINDOW", funga)
```

Dirisha linafichwa kwanza ili muuzaji asidhani limeganda, kisha uzi unapewa sekunde 15 kumalizia unachofanya. Kwa kuwa ombi la mtandao lina kikomo cha sekunde 10, kwa kawaida zitatosha. Usipomaliza, `daemon=True` itahakikisha unakwisha pamoja na programu.

Usitafute amri ya kuua uzi kwa nguvu. Python haina. `Thread.stop` ya Java haipendekezwi tangu Java 1.2, na kuanzia Java 20 haiui uzi tena, `Thread.Abort` ya C# nayo haifanyi kazi kwenye .NET mpya. Uzi ukiuawa katikati unaweza kuacha makufuli yamefungwa au data na faili nusu.

Umeme ukikatika, bila shaka, hakuna `funga` inayoitwa. Hapo unaokolewa na miamala mifupi ya kanzidata na ule utambulisho wa kipekee.

Nina kazi nne za kujirudia. Nyuzi nne?

Anza na mmoja. Nakala, ukaguzi wa stoku na kutuma mauzo vinaweza kupokezana kwenye uzi mmoja bila yeyote kudhurika, na hutakuwa na la kufunga kufuli. Ongeza wa pili pale kazi moja inapoweza kuichelewesha nyingine kwa namna ambayo mtu ataiona. Mizani ya kielektroniki ya maghala ya Muheza ni mfano: inasukuma uzito kwenye tundu la COM (la kuunganishia vifaa kwa waya) mara kadhaa kwa sekunde, nayo inastahili uzi wake peke yake. Uzi huo ndio pekee unaofungua tundu hilo.

Kwenye Python kumbuka pia GIL, kufuli la ndani linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati: nyuzi za kusubiri mtandao huenda pamoja vizuri, lakini nyuzi mbili za hesabu nzito hupokezana prosesa na hazikupi kasi. Kwa hesabu nzito tumia `multiprocessing`.

Kwa nini nisiiachie kazi hii Task Scheduler ya Windows?

Iachie, kama kazi inapaswa kufanyika hata programu ikiwa imefungwa. Ila haitaweza kumwonyesha muuzaji chochote kwenye dirisha lake.

Nitaijaribuje kabla ya kuipeleka dukani?

Punguza dakika 5 ziwe sekunde 2, kisha anza uhuni. Chomoa kebo ya mtandao katikati ya kutuma. Weka `time.sleep(30)` ndani ya `tuma_mauzo`, ubofye vitufe vyote wakati inasubiri, kisha ufunge dirisha. Rudisha tarehe mwaka mmoja nyuma. Lifunge na kulifungua dirisha mara nyingi haraka haraka, halafu uhesabu programu zilizobaki Task Manager. Laza kompyuta mpakato, nenda kanywe chai, irudie. Mwisho zima kwa kuchomoa umeme, si kwa kitufe, na ulinganishe mauzo ya dukani na ya seva mstari kwa mstari.